Mvuke wa Kola, Sehemu ya Kumi: Kamati Yavuta Pumzi

Wiki iliyopita tulimwacha Cheti amesimama juu ya kiti katika chumba cha kamati ya shule, pasi ya mkaa mkononi, akimnyooshea kidole binti wa dobi. Wasomaji watatu wamenitumia ujumbe kuuliza kama mkono haujamchoka. Haujamchoka. Mtu mwenye hasira za kweli anaweza kubeba hata jiwe la kusagia kwa wiki nzima.

"Huyu hajawahi kusoma," alisema Cheti. "Anavuta mvuke. Mama yake akipiga pasi mashati yetu, yeye anaweka pua juu ya kola na kuvuta yote tuliyofundishwa. Kila anachokijua ni changu."

Majivu ya pasi yalikuwa yanammwagikia kifuani, kwenye shati jeupe ambalo, kwa taarifa yenu, lingefuliwa na mama wa mtuhumiwa.

Wapo walioanza kusoma leo kwa sababu walifungiwa kitu dukani kwa gazeti na hadithi ikatokea upande wa juu. Karibuni, nawapa kwa ufupi. Shule hii ina mikondo miwili, Dhahabu na Fedha. Mkuu wa shule husema kila mwaka mbele ya wazazi kwamba mikondo yote ni sawa. Ni sawa kabisa, ila Dhahabu wana feni, maabara na walimu wanaofika, na Fedha wana dirisha linalotazama barabara ya malori.

Cheti ni wa Dhahabu. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ukuta wa sebule ya kwao umejaa vyeti vyake, kikiwemo cha kuhudhuria mashindano ya kuogelea. Kuhudhuria, si kuogelea. Binti wa dobi, ambaye shule nzima humwita Binti Pasi, ni wa Fedha, na ndiye anayeongoza shule kwa alama, jambo ambalo limewakosesha usingizi watu wenye vitanda vizuri.

Sasa imebaki nafasi moja ya ufadhili kwa miaka miwili ya mwisho. Binti Pasi asipoipata, Jumatatu anakwenda kukunja mashuka ya bweni na masomo yameishia hapo. Cheti asipoipata, baba yake atalipa ada na kusahau kwamba amelipa. Lakini atakayeshinda huandikwa jina kwenye ubao wa langoni na hupewa cheti chenye fremu, na ukutani kwa kina Cheti kuna pengo.

Baba yake huyo ndiye Mwenyekiti wa kamati. Msishangae. Mlitaka awe nani?

Kamati yenyewe ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti tumeshamtaja. Wa pili alikuwa Mkuu wa shule, aliyeandika muhtasari wa kikao. Wa tatu alikuwa Mkaguzi mstaafu, mama mwembamba aliyekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja na bado hajaiona aliyoipenda.

Mwenyekiti alisema kwamba wao ni wasomi na hawaamini mambo ya mvuke. Mkuu wa shule akaandika kwamba kamati haiamini mambo ya mvuke. Kisha wakapiga kura ya kuuchunguza, ikapita kwa mbili dhidi ya moja. Mkaguzi alipinga kwa sababu mvuke haukuwemo kwenye ajenda.

Binti Pasi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Ningependa kuwaambia kwamba alisingiziwa, lakini walio nami tangu sehemu ya kwanza wangenirushia viatu. Kwa miaka mitatu, kila Ijumaa baada ya vipindi, aliinama kwenye meza ya kupigia pasi nyumbani kwao, mvuke ukapanda, na ndani yake mlikuwa na masomo: hesabu zilizokwisha kutatuliwa, mito na miji inakopita, sababu za vita pamoja na tarehe zake. Alivuta, akajua. Hakumwambia mtu. Aliamini anaiba kutoka kwenye kola za Dhahabu, na kwa kuwa siku za mwizi ni arobaini, kila Ijumaa aliihesabu kuwa ya thelathini na tisa.

"Ni kweli?" Mkuu wa shule alimuuliza.

"Ni kweli, Mwalimu."

Mwongo angepata nafuu hapa. Bahati mbaya somo la uongo halikuwahi kumfikia kupitia kola yoyote.

Mwenyekiti alikunja mikono juu ya kitambi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesubiri miaka hamsini kupata nafasi ya kuitumia methali hiyo. Akaagiza dobi aitwe, aje na makaa ya moto. Shati moja la Cheti lipigwe pasi hapo hapo mbele yao. Masomo yakitoka humo, basi ni wizi, na binti ataondoka kabla ya kengele ya saa nane.

Dobi alifika baada ya dakika kumi, makaa kwenye kopo, blanketi kwapani, shati la Cheti begani. Ni mwanamke mrefu, mikono ya gauni ameikunja hadi juu ya viwiko, ncha za vidole zimefanya mikunjo isiyokauka. Kichwani alijifunga kitambaa cha bluu kilichopauka. Aliwaamkia wote, mkubwa kwa mdogo. Kisha akamwomba Cheti ashuke kwenye kiti kabla hajavunjika mguu, na Cheti, kwa mshangao wa kila mtu na hasa wake mwenyewe, akashuka. Dobi akaitwaa pasi mkononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, polepole na bila kumgombeza.

Wala hakumtazama binti yake. Hilo lina sababu, na sababu haipendezi.

Shule nzima ilijua kwamba dobi ni mama yake, lakini Binti Pasi aliishi kana kwamba ni siri ya serikali. Mwaka wa kwanza alimwomba mama asimsalimie wakikutana uani. Mama akasema sawa, na tangu siku ile walipishana kati ya bweni na bombani kama wapangaji wasioelewana. Nyumbani walikula sahani moja na kucheka. Shuleni hawakujuana. Binti Pasi aliona aibu, kisha akaona aibu kwa kuona aibu, na hakuna mvuke uliowahi kumfundisha namna ya kutoka hapo.

Mama alitandika blanketi juu ya meza ya kamati, juu yake akaweka shati la Cheti. Alianza na kola, kwa sababu dobi anayeanza na mgongo ni mtu aliyekosa kazi nyingine. Akafungua kitambaa kichwani, akakichovya kwenye bakuli la maji, akakikamua, akakilaza juu ya kola ili pasi isiunguze, akakandamiza.

Mvuke ulipanda mpaka darini. Kamati ikavuta pumzi.

Mwenyekiti, ambaye alifeli hesabu mara mbili na akafidia kwa kuwa tajiri, ghafla alielewa kwa nini pembe zote za pembetatu ukizijumlisha hazizidi wala hazipungui. Alielewa kabisa, mpaka midomo ikaanza kumcheza. Mkuu wa shule alikuwa amefundisha kupinda kwa mwanga kwa miaka ishirini. Siku hiyo aliuelewa kwa mara ya kwanza, akaweka kalamu chini. Mkaguzi hakuonyesha kitu usoni, lakini alifuta miwani, akavuta tena, ndefu zaidi.

"Nyuzi mia na themanini," alisema Mwenyekiti, taratibu, kama mtu anayetaja jina la mchumba.

"Si mnaona?" alisema Cheti. "Hayo ni yangu. Yametoka kwenye kola yangu."

Mwenyekiti akajikumbuka. Akamwambia Mkuu wa shule aandike kwamba mwanafunzi amepatikana na kosa la wizi wa masomo kwa njia ya pua. Mkuu wa shule akauliza kama waandike pua au matundu ya pua, kwa kuwa barua itakwenda wizarani. Jambo hilo likajadiliwa. Wakati maisha ya mtoto yanasubiri, wakubwa wale walitumia dakika sita kuchagua kati ya pua na matundu yake, na mwisho wakaafikiana kuandika "kiungo husika".

Binti Pasi alisikia yote. Hakulia. Alikuwa anafikiria mashuka ya bweni, yale ya bluu yenye mistari, mia mbili na kumi na sita, na kwamba Jumatatu si mbali.

Dobi naye hakusimamisha kazi. Shati likishaanza kupigwa pasi haliachwi, linajikunja upya. Alipomaliza kola alikiweka kitambaa kando, akanyunyizia maji kwa vidole, akapitisha pasi kwenye mabega, kisha mikono, kisha kifuani. Kila alipopita, mvuke ulipanda.

Mkaguzi ndiye aliyegundua. Ukaguzi ni ugonjwa, hauna kustaafu.

"Subiri," alisema. "Mvuke huu wa sasa hauna kitu."

Wote wakanyoosha shingo. Walivuta pumzi, wakapata harufu ya sabuni. Mwenyekiti akavuta tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetafuta humo ndani ada yote aliyolipa. Sabuni. Mkaguzi akaamuru kola ipigwe pasi upya, safari hii bila kitambaa juu yake. Sabuni tena, na kwa mbali mafuta ya nywele.

Mwenyekiti alisema huenda shati limekwisha nguvu. Mkaguzi alishasimama. Aliondoa jagi la maji, akavuta kitambaa cha meza cha kamati, kile cha kijani, ambacho kwa miaka kumi hakikusikia ila hoja za kuahirisha vikao, akamwambia dobi akipige pasi. Kwanza bila kitu juu. Ilitoka harufu ya vumbi. Kisha kwa kufunika kile cha bluu cha kichwani.

Ikatoka jiografia, mito yote na vijito vyake.

Hapo hata Mwenyekiti alielewa, na kuelewa kulikuwa kumeanza kumzoea. Masomo hayakuwa kwenye kola ya Cheti. Hayakuwahi kuwa kwenye kola ya mtu yeyote. Yalikuwa kwenye kitambaa cha dobi.

Cheti alikaa chini, sakafuni, na majivu yake yote. Kabla hamjamcheka, nisikilizeni. Kwa miaka mitatu mtoto huyu alitoka darasani kila siku akiwa mtupu. Walimu wazuri, feni nzuri, na bado hakuna kilichobaki. Kwao hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameelewa, waliuliza tu amekuwa wa ngapi. Aliposikia habari ya mvuke alifurahi kwa moyo wote, kwa sababu kuibiwa kuna heshima yake. Aliyeibiwa alikuwa na kitu. Sasa imethibitishwa mbele ya kamati, tena kwa pasi, kwamba hapakuwa na cha kuiba. Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama kitambaa.

Binti Pasi alichelewa kuelewa kuliko Mkaguzi, na yeye ndiye mwenye akili. Aliondoka mlangoni, akasogea mpaka mezani.

"Mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kulitamka neno hilo ndani ya uzio wa shule. "Kitambaa ni chako."

"Ni changu, mwanangu. Si unakijua."

Mama akaeleza bila haraka, pasi ameisimamisha juu ya kigae. Kamba za kuanikia nguo zimefungwa nyuma ya darasa la Dhahabu, chini kabisa ya madirisha. Miaka kumi na minne amesimama pale tangu asubuhi, vibanio mdomoni, na kwa kuwa mdomo umejaa vibanio, kilichobaki ni masikio. Walimu wa Dhahabu wanasema kwa sauti. Anachokisikia kinakaa kichwani, na kichwani pana kitambaa. Yeye hakuona ajabu yoyote. Jasho linashika kwenye nguo, mafuta yanashika, moshi unashika. Kwa nini maneno yasishike, alisema, na Mkuu wa shule akaliandika swali hilo kwenye muhtasari.

"Ulijua kwamba ninavuta?" aliuliza binti.

"Nilikuwa naisogeza pasi polepole ili uvute vizuri."

"Miaka mitatu, mama. Miaka mitatu nalishukuru shati la Cheti. Mbona hukuniambia masomo ni yako?"

"Ningekwambia ni yangu, ungeyataka?"

Binti Pasi hakuhitaji kufikiri. Alilijua jibu. Masomo ya Dhahabu aliyavuta kwa uchu kwa sababu aliamini yametoka kwa matajiri. Angeambiwa yametoka kwenye kichwa cha dobi angeziba pua. Jambo hilo lilimuuma kuliko barua yoyote ya kufukuzwa, na lilimuuma zaidi kwa sababu mama yake alilisema bila kinyongo, kana kwamba anataja bei ya sabuni.

Mwenyekiti, kwa upande wake, alikuwa amepata faraja. Akakohoa. Alisema kwamba kosa la wizi limefutwa, kamati ni ya haki. Lakini sasa limejitokeza jambo kubwa zaidi. Binti huyu hana elimu yake mwenyewe, ana elimu ya mama yake.

"Nafasi hii ni ya mwenye uwezo," alisema. "Si ya mtu anayebebwa na mzazi."

Alisema hayo Mwenyekiti, baba yake Cheti, na hakuna aliyecheka. Nidhamu ya kamati ile ni ya kupigiwa mfano.

Mkuu wa shule akaanza kuandika. Binti Pasi akamgeukia mama yake, na nitasema wazi alichokitarajia, kwa sababu nanyi mnakitarajia. Alitarajia mama apige magoti. Amwombee. Aseme mtoto wangu ana bidii, mwoneeni huruma, mimi ni mwanamke maskini. Alijua litamtia aibu, na safari hii alikuwa tayari kuibeba aibu hiyo mpaka nyumbani.

Mama alikunja shati la Cheti vizuri, mikono kwa nyuma, kola juu.

"Basi kama elimu ni yangu," alisema, "niandikeni mimi."

Kalamu ya Mkuu wa shule ilisimama.

"Kukuandika wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kwenye hiyo nafasi."

Mwenyekiti akacheka, ila alicheka peke yake, na kicheko cha mtu mmoja kwenye chumba kikubwa hakifiki mbali. Mkaguzi alikuwa ameshatoa karatasi ya masharti kwenye mkoba. Aliisoma kwa sauti ileile ambayo huenda ndiyo aliyojibia siku ya ndoa yake. Mwombaji awe hajamaliza darasa la mwisho. Awe na mwenendo mwema. Awe amekuwepo ndani ya shule kila siku ya masomo kwa miaka mitatu mfululizo bila kukosa.

Sharti hilo la mwisho Mwenyekiti alilitunga mwenyewe kwa mkono wake. Alitaka kuwaondoa watoto wanaobaki nyumbani kulea wadogo zao. Kuhusu umri hakuandika kitu. Nani angefikiria?

"Uliishia darasa la ngapi?" Mkaguzi alimuuliza dobi.

"La saba."

"Umewahi kukosa kazini?"

"Siku moja, nilipomzaa huyu. Ilikuwa Jumapili, hata hiyo haihesabiki."

Mkaguzi akaweka karatasi chini. Alisema kwa masharti yaliyopo mwombaji anakubalika, na kama kamati haipendi masharti yake ingeyasoma kabla ya kuyatia sahihi. Kuhusu binti, aliendelea, hakuna mahali palipoandikwa mtoto asisome kwa mzazi. Kama ingekuwa marufuku, shule zote zingefungwa. Watahiniwa ni watatu na wote wataulizwa maswali leo leo, kwa mdomo.

Mwenyekiti angeweza kupinga. Hesabu zilikuwa bado zimemkaa vizuri kichwani, akapiga haraka. Mama na mwana watagombana, mama ataaibika, mtoto atavurugika, na Cheti atapita katikati yao akiwa mkavu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Akakubali kwa moyo mkunjufu, jambo ambalo lilipaswa kuwatia shaka wote.

Pasi ikatolewa nje. Madirisha yakafunguliwa. Kitambaa cha bluu kikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikapigwa muhuri, na muhuri ukatiwa sahihi, maana kamati ile haiamini mambo ya mvuke.

Viti vitatu vikapangwa mbele ya meza. Cheti akakokotwa kutoka sakafuni na kuwekwa kwenye kile cha katikati, kwa amri ya baba, ili kunguru awe mahali pake. Binti Pasi akamfuata mama yake aliyekuwa anavuta kiti cha pembeni.

"Mama, unafanya nini? Ukiichukua nafasi hii wewe, mimi Jumatatu niko bombani."

"Bombani pana mtu mzuri, atakufundisha kazi."

"Sitanii mama."

"Wala mimi." Mama alikaa. Alikaa vizuri, mgongo wote ukaegemea kiti, na uso wake ukawa na kitu ambacho binti hakuwahi kukiona. "Miaka kumi na minne nimesoma nimesimama. Nilipokuwa na umri wako nilikunjiwa vitabu nikapewa beseni. Sikuulizwa. Leo pana kiti hapa, nami nakitaka."

"Na mimi je?"

"Wewe una kichwa, na yote niliyo nayo unayo. Nimekufulia, nimekupikia, nimekupigia pasi. Kushindwa kwa makusudi sijawahi kukuahidi."

Binti Pasi akaenda kwenye kiti chake, upande wa pili wa Cheti. Alimpenda mama yake. Alitaka mama yake apate chochote duniani alichokosa. Na alitaka sana, kwa roho yote, mama yake ashindwe, maana dunia ilikuwa na nafasi moja tu, na Mwenyekiti na watu wa aina yake ndio walioamua iwe moja. Wao walikaa upande wa pili wa meza, hawakuwa na haja ya kunyoosha mkono.

Mkaguzi alieleza utaratibu. Maswali matano. Anayetangulia kunyoosha mkono ndiye anayejibu, akikosea ametoka. Akafungua bahasha ya maswali, akainamia karatasi kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na miwani ilikuwa na mvuke bado.

"Swali la kwanza. Ukitumbukiza kijiti nusu ndani ya maji, huonekana kimevunjika. Kwa nini?"

Mikono miwili ilipanda. Ilipanda kwa nguvu moja, kulia na kushoto, vidole virefu vinavyofanana mpaka kucha. Wala mmoja hakumtazama mwenzake.

Mkaguzi akainua kichwa, akaikuta yote miwili juu. Alikiri kwamba hakuona, alikuwa anasoma. Mkuu wa shule alikuwa anaandika swali. Mwenyekiti alikuwa anamtazama mtoto wake Cheti, akimwomba kwa macho anyooshe na yeye, hata kwa kubahatisha.

"Wewe wa katikati," Mkaguzi alisema. "Umewaona wote wawili. Nani ametangulia, mama au mtoto?"

Cheti aliinua kichwa. Alimtazama dobi, aliyemwachia shati mezani limekunjwa vizuri kuliko kitu chochote katika maisha yake. Alimtazama Binti Pasi, aliyekuwa amefumba macho. Aliona vizuri sana nani ametangulia. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, kila mtu chumbani alikuwa anasubiri jibu lake.